Nakuru kwa Miguu: Kutoka Ukingo wa Menengai Hadi Ziwani

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, pahali hapo palihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka wa himaya mbili za Waingereza ulipita ndani ya Bonde la Ufa, na nchi iliyokuwa magharibi yake, Nakuru ikiwemo, iliitwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka 1902 wakubwa wa London waliuhamisha mkoa huo kwa kalamu ukawa chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, ili reli yote kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria iwe mikononi mwa serikali moja. Wafugaji waliokuwa wakichunga ng'ombe kwenye nyika za kando ya ziwa hawakupelekewa habari. Mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji.

Wengi wetu tukisikia habari za mji wa kale, mawazo hukimbilia Lamu, Mombasa au Unguja. Nakuru haina milango ya nakshi wala vichochoro vya mawe ya matumbawe, na kwa sababu hiyo wageni huipita wakielekea mbugani, wenyeji nao huamini kwamba mji wao hauna cha kusimulia. Siafikiani nao. Nakuru ina mteremko, na mteremko huo ndio kitabu chake. Kutoka ukingo wa Menengai, ulio mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, hadi ufuoni mwa Ziwa Nakuru, ardhi inashuka kwa takribani mita 500. Humo wakoloni waliwapanga watu kama walivyowapanga ndani ya gari la moshi: daraja la kwanza juu, la pili katikati, la tatu chini. Mwenye viatu vizuri na asubuhi moja mkononi anaweza kuisoma historia ya Bonde la Ufa la kati kwa kuteremka tu.

Kwa hivyo anzia juu, jua likiwa bado changa. Shimo la Menengai lina upana wa kilomita 12 upande mmoja na 8 upande mwingine, na chini kabisa miamba myeusi ya lava imejaa vichaka. Mvuke unafuka kutoka ardhini. Tangu mwaka 2011 Shirika la Kuendeleza Nishati ya Mvuke linachimba visima humo ndani, na kazi hiyo imewapa watu wa sasa sababu mpya ya kupatazama. Wamaasai walikuwa na sababu ya zamani zaidi. Masimulizi yao yanaeleza vita vya karne ya 19 vya wao kwa wao, pale Ilpurko walipowashinda Ilaikipiak na kuwasukuma mashujaa wao hadi ukingoni, wakaporomoka. Hadi leo wapo wanaosema mvuke ule ni roho za waliokufa zikitafuta njia ya kutoka.

Ukigeuka na kuupa mgongo ukingo, unaliona bonde lote: ziwa, mji, vilima vya Elementaita kwa mbali. Njia ya misafara ya Waswahili ilipita hapo chini. Kabla ya mzungu yeyote kuichora ramani ya nchi hii, wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa walikuwa wakipanda hadi Naivasha, wakipita kando ya maziwa haya na kuendelea mpaka Baringo, ambako walinunua chakula kwa Wanjemps. Joseph Thomson, Mskoti anayesifiwa kwa kuivuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, aliungana na msafara wa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mtu aliyezijua njia na wenye njia. Kiswahili kilifika Nakuru kwa miguu ya wapagazi miaka mingi kabla ya reli, na sioni ajabu kwamba hadi leo mji huu unazungumza Kiswahili kilichochanganyika lafudhi za nchi nzima.

Upande wa mashariki kuna kilima kidogo cha mawe, Hyrax Hill, kilichopewa jina hilo kwa ajili ya pimbi wake. Ni mwendo mfupi kutoka mjini na hakistahili kurukwa. Mary Leakey alichimba hapo kuanzia mwaka 1937, akakuta makaburi na maskani ya watu wa zama za mawe, na juu yake mabaki ya wafugaji wa enzi za chuma. Yapo mashimo makubwa ya mviringo ambayo wenyeji wanayahusisha na Wasirikwa, watu waliofugia ng'ombe ndani ya mazizi yaliyochimbwa ardhini. Pia kuna mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Makumbusho ya hapo yalifunguliwa mwaka 1965. Mtu akikuambia Nakuru ilianza na reli, mpeleke akaone lile bao: kulikuwa na watu waliokaa hapa wakashiba, wakapata na muda wa kucheza.

Kati ya wacheza bao hao na walowezi kuna balaa iliyofungua mlango. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe wa Wamaasai, ndui ikawamaliza watu, na vita vya ndani vikamaliza umoja. Nchi iliyoonekana tupu machoni mwa abiria wa gari la moshi ilikuwa ya watu waliokuwa wamejeruhiwa na kusogea kando. Agosti 1904 Olonana, kiongozi wa Wamaasai, na wazee wenzake walitia alama kwenye mkataba ulioletwa na Kamishna Donald Stewart, na Wamaasai wakahamishwa kutoka bonde hili, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini mwa reli. Waliambiwa mkataba ungedumu maadamu kabila lao lingedumu. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia pia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa baina ya mataifa mawili, hivyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo juu yake. Watu waliotawaliwa kila siku kama raia wa chini waligeuzwa taifa la kigeni kwa siku moja, siku ya kudai haki.

Walioingia mahali pao wanajulikana sana. Lord Delamere alipata ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Kondoo wake walikufa, ng'ombe wakafuata, ngano ikashikwa na kutu. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ya malisho ya eneo hili yamepungukiwa na madini ya kobalti, na ugonjwa wa kudhoofika ulioletwa na upungufu huo ukaingia kwenye vitabu vya madaktari wa mifugo kwa jina la Nakuru. Wamaasai walikuwa wakihamahama na mifugo yao kwa akili. Mgeni aliyewaita wazururaji alilipa ada ya masomo kwa mizoga. Hata hivyo alikuwa na serikali nyuma yake na benki mbele yake. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga ngano ambayo jina lake, Unga, liko kwenye rafu za maduka yetu hadi leo.

Sasa teremka uingie Milimani. Barabara hapa zina miti mirefu, nyumba zimekaa mbalimbali, kila moja na bustani yake na kijumba cha mtumishi nyuma. Wazungu walichagua upande huu kwa sababu ya hewa na ubaridi, wakiamini kwamba jinsi mtu anavyopanda ndivyo anavyoikwepa malaria, na pia kwa sababu maji yalishuka kutoka juu yakiwafikia wao kwanza. Ikulu ya Nakuru iko upande huu. Hospitali ya War Memorial ilijengwa kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na ilikuwa ya Wazungu. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa katika vita hiyohiyo, wengi kwa njaa na kuhara, na ndugu zao waliougua Nakuru hawakuweza kulazwa chini ya paa la ukumbusho ule.

Katika maisha ya Milimani palikuwa na klabu, uwanja wa kriketi, mbio za farasi, maonyesho ya kilimo. Nakuru ilikuwa mji mkuu wa walowezi kuliko Nairobi yenyewe, kwa maana Nairobi ilikuwa na serikali, ilhali hapa mkulima wa kizungu ndiye aliyekuwa serikali. Chama cha wakulima hao, KFA, kiliundwa miaka ya 1920 kikaweka makao yake hapa, kikipanga bei ya mahindi na ngano na kuamua nani auze na nani asiuze. Chama kilibadilishwa jina, kikarudishiwa jina, kikafilisika, kikainuka. Kituo cha matatu na mzunguko wa barabara vimebaki kuitwa KFA, na makondakta waliozaliwa juzi hulitaja jina hilo siku nzima.

Stesheni iko hapo karibu. Jengo la sasa ni la mwaka 1957, pana na lenye mistari iliyonyooka, lilijengwa wakati ambapo wakoloni bado walidhani wangekaa miaka 50 zaidi. Hapa ndipo Nakuru ilipopata uzito wake. Mwaka 1901 reli ilipofika Kisumu, Nakuru ilikuwa kituo cha njiani. Lakini njia mpya ilipochepuka kutoka hapa kupanda nyanda za juu, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, Nakuru ikawa njia panda: upande mmoja Uganda, upande wa pili Kisumu. Mizigo ilipangwa hapa, injini zilibadilishwa hapa, wafanyakazi walilala hapa. Walilala kwenye landi za reli, vyumba vilivyobanana kama masanduku, na ndani ya landi hizo Mluo, Mluhya, Mkamba na Mkikuyu walijifunza kuishi ukuta kwa ukuta. Treni ya abiria ilitoweka kwa miaka mingi, ikarudi Desemba 2021 kwenye safari ya Nairobi na Kisumu. Siku ile watu wa makamo walijipanga kando ya reli kuipungia mkono.

Ukivuka kuingia katikati ya mji, umeshuka daraja moja. Huku ndiko Wahindi walikoruhusiwa. Takribani wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli. Karibu 2,500 walikufa kazini na kama 6,700 wakabaki baada ya mikataba kwisha. Wengi wa wenye maduka walikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe, kutoka Gujarati na Punjabi. Sheria iliwazuia kumiliki mashamba katika nyanda zilizotengewa Wazungu, kwa hiyo mtu aliyekuwa na fedha na akili ya kilimo alibaki na kitu kimoja tu cha kufanya: kufungua duka. Tembea Biashara Street na Mosque Road utaona jinsi maisha hayo yalivyojengwa. Mbele varanda yenye nguzo ya kumkinga mteja na jua, nyuma ghala, juu au uani familia. Msikiti, hekalu na gurdwara viko umbali wa kusikilizana. Fundi cherehani aliyeketi varandani miaka ya 1930 alikuwa Mwafrika akishona kwa ajira ya mwenye duka, na varandani hapohapo leo ameketi fundi mwingine, cherehani ni ileile ya kukanyaga kwa mguu, ila kodi anailipa kwa simu.

Naikubali Kenyatta Avenue kuwa barabara nzuri, hasa jakaranda zinapochanua. Lakini anayetaka kuijua Nakuru asikawie hapo. Akaze mwendo kuelekea chini.

Bondeni ni mtaa mkongwe wa Waafrika. Serikali ya kikoloni iliuita lokesheni, yaani mahali pa kuwekwa mfanyakazi usiku ili asubuhi apatikane. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango kando ya mlango, bomba moja kwa watu wengi, vyoo vya pamoja mwisho wa mstari. Chumba kilikusudiwa mwanamume asiye na mke, kwa kuwa fikra ya utawala ilikuwa kwamba Mwafrika mjini ni mgeni. Mke, watoto na uzee wake vilitakiwa vibaki kijijini. Kuanzia mwaka 1920 au karibu yake kila mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kikionyesha ameajiriwa na nani na kwa ujira gani. Bila sahihi ya mwajiri wa mwisho hakupata mwajiri mwingine. Kupanda Milimani usiku bila sababu ya kazi lilikuwa kosa la kumlaza mtu ndani.

Wenyewe waligeuza lokesheni kuwa mtaa. Waliwaleta wake zao hata hivyo. Wanawake waliokuja peke yao walipika uji, wakauza maharagwe, wakatengeneza busaa, wakakodisha kitanda kwa mgeni wa siku tatu, na wengine wakawa wenye nyumba. Watu wa pwani walileta mwambao wao, msikiti na chuo. Kutoka Nyanza vilikuja vikundi vya benga na vyama vya kuzikana. Wakikuyu walileta biashara ya mboga na magazeti ya siasa. Majina ya mitaa iliyozaliwa kandokando, Kaloleni, Kivumbini, Flamingo, Lake View, Abong'loweya, yanatoka katika lugha mbalimbali na hakuna mtu wa hapa anayeona ajabu. Ukiuliza mzee wa Bondeni kabila lake atakujibu. Ukimuuliza kwao ni wapi, atakuonyesha mlango.

Nje ya mji, kwenye mashamba, maisha yalikuwa mengine. Skwota, wengi wao Wakikuyu, waliruhusiwa kulima kipande kidogo na kufuga, nao wakalipa kwa kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilidai siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ilimpa mlowezi nguvu zaidi ya kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo yao. Familia zilizokuwa zimekaa Njoro, Subukia, Bahati na Solai kwa vizazi viwili zilijikuta hazina ardhi hapa wala huko Murang'a zilikotoka. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, hasira hiyo ilikuwa imeiva. Mwaka 1953 serikali ikawazoa. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa kwenye mashamba na mitaa ya Bonde la Ufa, wakajazwa kwenye malori na mabehewa, wakapitishwa kwenye kambi za muda za Nakuru na Gilgil, wakarudishwa kwenye hifadhi zisizokuwa na nafasi. Kuku waliachwa bandani. Mahindi yalibaki yamesimama shambani. Wazee waliokuwa watoto wakati ule hukumbuka zaidi ya yote harufu ya behewa la ng'ombe.

Kwa nini basi mji huu haukuchomwa mwaka 1963, uhuru ulipokaribia? Jibu moja lilitolewa ukumbini hapa Nakuru, tarehe 12 Agosti mwaka huo. Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu kwa miezi miwili tu na mfungwa kwa takribani miaka 9 kabla ya hapo, alisimama mbele ya mamia ya walowezi waliokuwa wamemwona kuwa baba wa maovu yote. Aliwaambia pande zote mbili zimekosa, zisameheane, na kwamba serikali yake ingewataka wabaki walime. Alipomaliza walipiga makofi, na ukumbi uliojaa Wazungu ukaitikia Harambee pamoja naye. Lord Delamere, mwana wa yule wa Njoro, alikuwepo.

Ilikuwa hotuba kubwa na sitaki kuipunguzia heshima. Ila nikiisoma nikiwa nimesimama Bondeni naona pengo lake. Iliwaondolea hofu watu wa Milimani. Waliorudi kutoka hifadhini mwaka huo, na wale ambao babu zao walihamishwa mwaka 1904, hawakuandaliwa mkutano wa namna hiyo. Waliambiwa ardhi itapatikana kwa kununua. Wenye uwezo wakachanga, wakaunda makampuni ya kununua mashamba, Ngwataniro likiwa mojawapo ya makubwa, na mashamba ya walowezi yakakatwa vipande. Waliokosa senti walibaki mjini. Wamaasai na Wakalenjin walioona ardhi ya zamani ikiuzwa kwa wengine nao hawakusahau. Mbegu za mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, 1998 na 2008 zilipandwa katika hesabu hiyo, na viongozi walizimwagilia kila ulipokuja uchaguzi.

Siasa ya nchi haikuacha kupita hapa baada ya hapo. Septemba 1976 wanasiasa walikutana Nakuru kudai katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asirithi kiti moja kwa moja. Waliyemlenga alikuwa Daniel arap Moi, naye akaja kutawala miaka 24. Katika mahakama ya Nakuru, mwanasiasa Koigi wa Wamwere na wenzake walishtakiwa kwa madai ya kuvamia kituo cha polisi cha Bahati mwaka 1993, wakahukumiwa Oktoba 1995 baada ya kesi ndefu iliyofuatwa na watetezi wa haki duniani kote.

Mitaa ya chini ilikuwa na fahari zake pia. Vijana wa huku walipigana ndondi kwenye ukumbi waliouita Madison Square Garden, na jina hilo halikuwa la kujidai tu. Philip Waruinge wa klabu ya ndondi ya Nakuru alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 na 1970, shaba ya Olimpiki huko Mexico City mwaka 1968, na fedha huko Munich mwaka 1972. Kule Mexico alipewa tuzo ya Val Barker, inayokwenda kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika mashindano yote, waliopata dhahabu wakiwemo. Mtaa uliokusudiwa kulaza vibarua ulitoa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima. Kijana wa Kivumbini anapaswa kulikuta jina hilo ukutani kila anapokwenda shule.

Kisha ukafika Januari 2008. Mwishoni mwa mwezi huo, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, Nakuru iliyokuwa imetulia wiki kadhaa ikalipuka. Watu walichinjana kwa mapanga na mishale, jirani akamwonyesha mshambulizi mlango wa jirani. Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo vikajaa wakimbizi wa ndani ya nchi yao. Kwenye uwanja huohuo wa Afraha, Aprili 2016, viongozi wakuu walifanya mkutano mkubwa wa kushukuru baada ya kesi zao za The Hague kuhusu ghasia hizo kumalizika. Aliyelala kwenye nyasi zile mwaka 2008 na blanketi la msaada ana haki ya kuulizwa alijisikiaje siku ile. Sijasikia swali hilo likiulizwa jukwaani. Waliolinda majirani zao, na walikuwepo katika mitaa hii ya zamani iliyochanganyika, hawakutangazwa popote.

Upande wa magharibi mji umefurika nje ya mipaka yake ya kikoloni. Kaptembwo, Rhonda, Mwariki na Ponda Mali zimejengwa juu ya mashamba yaliyogawanywa vijiploti, na kuzitembea kunataka muda kwa sababu ya pikipiki, mikokoteni na vibanda. Mto Njoro unapita karibu kuelekea ziwani, ukiwa umebeba taka za mji na udongo wa msitu wa Mau uliokatwa miti. Ardhi ya upande huu ni ya volkano na ina nyufa chini. Mvua kubwa ikinyesha, mara nyingine hufunguka mashimo kwenye njia za watu. Wengi wa wakazi walikuja kwa ajili ya viwanda. Kulikuwa na kiwanda cha pareto, wakati Kenya ilipokuwa ikitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia. Kulikuwa na blanketi, mafuta ya kupikia, na kiwanda cha betri cha Eveready, kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014.

Mwisho wa mteremko ni ziwa. Lilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, likazungushiwa uzio, na mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuingia kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Heroe walilitia rangi ya waridi, picha zake zikaenda kila pembe ya dunia. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka. Tangu miaka ya 2010 limefura, likameza lango kuu la zamani na misitu ya migunga, likaingia kwenye viwanja vya watu Mwariki na Barut, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Watu waliosukumwa chini kabisa ya mteremko ndio maji yaliyowafikia kwanza.

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu watu 570,674 mjini. Jiji linahitaji nyumba, na katika mitaa ya zamani nyumba za kanjo zimeanza kuachia nafasi majengo ya ghorofa. Sipingi; hakuna anayestahili kupanga foleni ya choo karne hii. Ninachopinga ni kubomoa bila kuandika. Ngome ya Lord Egerton kule Ngata ina watembezaji na tiketi. Bondeni haina hata kibao.

Serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa wanaweza kuacha mstari mmoja wa nyumba za zamani usimame, wakaweka ndani yake kipande, cherehani, glavu za ndondi na picha za walioishi humo. Shule za mitaa hiyo zinaweza kuwatuma wanafunzi na simu zao wakarekodi wazee, mwaka huu, kwa maana waliopanda mabehewa ya 1953 wakiwa na umri wa kukumbuka sasa wamevuka miaka 75. Nawe msomaji, ukienda Nakuru usikimbilie lango la mbuga. Shuka KFA, teremka kwa miguu hadi Bondeni, wasalimu wazee walioketi nje, kisha waulize nani alijenga mtaa huu.